Siku Sita Pemba kwa Ajili ya Mkia Kigutu

Nimerudi Unguja Jumanne usiku. Haya nimeyaandika upya kutoka kwenye daftari lililolowa mvua na picha za simu. Saa ninazozitaja nimezitoa kwenye picha, na maneno ya watu ni kama nilivyoyaandika jioni ileile.

Safari ilianzia darasani. Mwezi wa Septemba nilikuwa nafundisha kidato cha pili habari za wanyama watambaao, mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, nyoka akikatika mkia, unaota tena?" Nikamjibu unaota, kama wa mjusi. Usiku nikaingia kusoma, nikakuta nimewapotosha watoto arubaini. Mkia wa nyoka ukishakatika hauoti. Na nikasoma jengine lililonikosesha usingizi: wako nyoka wadogo wa majimaji, jamii ya Natriciteres, ambao adui akiwashika mkia huuacha mkononi mwake wakenda zao. Mmoja katika hao, Natriciteres pembana, hapatikani popote duniani ila Pemba. Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao, ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1935. Pemba ndiko alikozaliwa mama yangu, na mimi nimekwenda huko mara zisizohesabika kwa arusi na maziko, wala sijawahi kusikia habari yake. Nikasema likizo hii siendi pengine.

Alhamisi, 4 Desemba: bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Chake

Boti iliondoka imechelewa saa moja na nusu, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulipotoka nje ya Tumbatu bahari ikaanza kazi yake. Nilikaa karibu na mzee mmoja aliyekuwa anarudi Mtambile kutoka kutibiwa. Aliponiona nimenyamaza na jasho linanitoka, akatia mkono kwenye kikapu chake, akatoa ndimu, akaikwaruza kwa ukucha na kunipa. "Nusa, mwanangu. Na usitazame sakafu, tazama mbali." Nikanusa mpaka Mkoani. Ndimu ile ninayo bado, imekauka.

Kutazama mbali kulinikumbusha maji tuliyokuwamo. Mkondo unaoitenga Pemba na mrima una kina cha kama mita 800. Unguja ni kisiwa cha maji mafupi: zamani bahari iliposhuka, Unguja iliungana na bara, na wanyama walipita kwa miguu. Pemba haikuungana. Walioko Pemba walibaki peke yao muda mrefu sana, ndiyo maana ina popo wake, bundi wake, ninga wake, chozi wake, mjusi wake wa kijani na nyoka wake.

Mkoani tulishuka saa tisa na dakika kumi alasiri. Daladala ya 603 kwenda Chake Chake, nauli nililipa 2,500. Nililala Chake, nikala chipsi na mishkaki barazani, basi.

Kwa atakayefuata: tiketi ya boti inunuliwe siku moja kabla, na katika jina lipitie herufi moja moja. Langoni wanalinganisha na kitambulisho, na mbele yangu dada mmoja alirudishwa kwa sababu ya herufi moja.

Ijumaa, 5 Desemba: barabara ya Konde

Nilisali Ijumaa Chake, nikapanda 602 saa nane. Barabara ni ya milima na mabonde, na msimu wa karafuu bado haujesha: kila penye uwazi pameanikwa majamvi, upande huu karafuu mbichi za kijani na wekundu, upande huu zilizokwishakuwa kahawia. Harufu inaingia garini hata madirisha yakifungwa.

Tulipokaribia nusu ya safari wingu likashuka ghafla. Mbele yetu kulikuwa na nyumba moja, majamvi sita yametandazwa kandokando ya lami, na mwanamke mmoja na watoto wawili wanakimbia huku na kule. Dereva hakusema kitu. Alisimamisha gari, konda akaruka, na wanaume wote na nusu ya wanawake tukashuka. Jamvi unalikunja kutoka pembe mbili ili karafuu zikusanyike katikati, kisha watu wawili mnalibeba kama machela. Tone la kwanza lilipoanguka tulikuwa tumebakiza jamvi moja tu, nalo la makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Yule mama hakuwa na pumzi ya kushukuru. Alitutilia maembe dirishani, mawili mawili, gari likiwa linaondoka.

Konde nilipokewa na bibi yangu, shangazi wa mama. Nyumba yake iko nje ya mji, nyuma yake kuna bonde la mpunga lililokwishaanza kuchukua maji ya vuli. Jioni tulikula muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Nilipomweleza nilichokuja kukitafuta, aliacha kusuka ukili wake akanitazama.

"Kigutu? Wako tele hapo bondeni. Lakini hao ndio wabaya, mjukuu wangu. Nyoka aliyekatwa mkia ana kisasi. Sisi tukimuona kigutu twamuua kwanza."

Sikumbishia. Nilimuuliza tu kama amewahi kusikia mtu aliyeumwa na kigutu akadhurika. Alifikiri muda mrefu, vidole vikirudi kwenye ukili vyenyewe. "Hapana," akasema. "Kwa sababu twawaua kwanza."

Jumamosi, 6 Desemba: Ngezi

Bodaboda kutoka Konde mpaka lango la msitu wa Ngezi ilinigharimu 5,000. Ada hulipwa langoni, ya mwenyeji ni ndogo kuliko ya mgeni, na risiti hutolewa. Mwongozaji wangu alikuwa kijana mpole, maneno machache, macho kama ya kozi. Masharti yake yalikuwa matatu: nisitoke njiani bila yeye, nisigeuze gogo bila kulirudisha lilivyokuwa, na nisimshike nyoka yeyote, awe wa sumu au asiwe. La tatu alilisema mara mbili.

Tulitembea kutoka saa mbili mpaka saa sita. Ngezi inashangaza, kwa sababu unatoka juani kwenye mashamba na ghafla uko chini ya miti mirefu, maji meusi yanapita taratibu kwenye mizizi na vyura wanaruka kila unapoweka mguu. Hapo ndipo penye chakula cha nyoka wetu: vyura, viluwiluwi na visamaki.

Tulimuona mara moja. Picha ya saa nne na dakika kumi na saba haioneshi kitu ila majani makavu na mstari mmoja wa kahawia unaoingia majini. Mkia wake sikuuona.

Bali nilichokiona vizuri ni mjusi wa kawaida juu ya gogo, wa magamba ya kung'aa, mkia wake nusu ya kwanza una michirizi kama mwili na nusu ya pili una rangi moja iliyofifia, kama kiraka cha kitambaa kingine. Huo ni mkia ulioota. Mwongozaji alikaa chini tukamtazama, na hapo nikamweleza nililolisoma, naye akanieleza aliyoyaona mwenyewe.

Mjusi ameumbiwa kukatika. Ndani ya pingili za mkia wake, katikati ya mfupa wenyewe, mna ufa wa asili. Akibanwa, misuli inajikaza, mfupa unaachana penye ufa, mishipa ya damu inajifunga, na kipande kilichobaki nyuma kinachezacheza ili adui ashughulike nacho. Kisha mkia mwingine unaota, ila ndani yake hamna pingili tena, mna mrija wa gegedu. Huko wataalamu wanakuita autotomia.

Nyoka hana ufa huo. Mkia wake hukatika baina ya pingili na pingili, na kwa kawaida haukatiki kwa kutaka kwake peke yake: lazima awepo anayemshika ili apate pa kuvutia. Kwa hivyo wengine huuita autotomia bandia. Jina hilo silipendi, kwa sababu kuokoka kwake si bandia. Nyoka wa aina nyingi hawana hata hilo. Ukimshika mkia hugeuka akakuuma, au hujikunja mkononi mwako. Wanaolitumia ni wachache: hawa wa majimaji, wale wa mchanga na nyasi wa jamii ya Psammophis walioko bara, na Amerika ya Kati yuko Scaphiodontophis, ambaye mkia ni karibu nusu ya urefu wake wote, na anaweza kukatika leo kipande, mwakani kipande kingine, mpaka umwishie.

Mwongozaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ndiyo maana nasema usimshike. Watu wameona kwenye simu, mtu anamnyanyua nyoka kwa mkia, kichwa chini. Kaja kijana hapa akataka kumfanya hivyo huyu mdogo. Alibaki na mkia mkononi, akacheka. Mimi sikucheka."

Atakayekwenda Ngezi wakati wa vuli avae viatu vya mpira virefu, na maji ya kunywa ayachukue Konde.

Jumapili, 7 Desemba: mtetea wa Bibi

Siku hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Asubuhi saa moja na nusu nilikuwa nanywa chai na mkate wa kumimina, nikasikia mjukuu wa Bibi, wa miaka tisa, anapiga kelele nyuma ya nyumba. Nilipofika, mtetea mwekundu alikuwa karibu na pipa la maji, ameng'ang'ania kitu mdomoni, anakipigapiga chini. Mtoto ameshika fagio.

"Kamkamata mkiani!" akasema. "Kisha yule kajizungusha, kajizungusha, kama kamba ya usumba inayosokotwa. Ukakatika! Kaingia chini ya pipa."

Nilimuomba Bibi tumchukue kuku kwanza. Alimbana chini ya kwapa, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, kile kipande kikaanguka kwenye kiganja changu. Nilikuwa na rula ndani ya daftari: sentimita nne na nusu. Kilikuwa bado kinatikisika kidogo, kwa uchovu. Kwenye ncha kilikuwa chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Upande wa pili, pale kilipokatikia, nyama ilikuwa imejikunja ndani na damu ilikuwa tone moja.

Kisha nikakigeuza. Hapa atakayetaka kujua mkia wa nyoka unaanzia wapi atazame chini. Tumboni magamba ni mapana, moja moja, kama ngazi. Ukifika kwenye tundu la haja ngazi inakwisha, na kutoka hapo magamba ya nyoka huyu ni mawili mawili, safu mbili zinazokutana katikati kama nywele zilizopasuliwa njia. Kipande changu kilikuwa na safu mbili mwanzo hadi mwisho. Mtoto alitia kichwa chake chini ya mkono wangu ili aone. "Kwa hivyo tumbo halikukatika?" Halikukatika. Matumbo, ini, moyo, vyote viko mbele ya tundu lile. Kilichoachwa ni misuli, mifupa na ngozi.

Tulisubiri. Bibi alitaka kumwaga maji ya moto chini ya pipa, nikamuomba anipe nusu saa kwa ajili ya mwanafunzi wangu. Alivuta kiti akakaa, kuku akiwa bado kwapani.

Dakika ishirini baadaye alitoka. Urefu wa rula na robo, hudhurungi ya majani ya mkarafuu yaliyokauka. Hakuna aliyemgusa. Alipita umbali wa hatua moja kutoka miguuni mwa Bibi, akateremka kwenye ukingo wa bonde. Sikuwa na haja ya kumshika ili nione: pale alipokatwa na kuku palikuwa pekundu na pabichi, ncha iliyokatwa sawasawa. Picha ninayo, ndiyo bora kuliko zote za safari. Bibi akasema polepole, "Mbona hana hasira."

Mtoto akatuambia hapo hapo anajua kigutu mwingine. Akatupeleka kwenye mfereji, tukakaa kimya, na baada ya muda tukaona wawili, mmoja mzima, mmoja kigutu wa zamani. Wa zamani ni tofauti kabisa: ncha imeziba, duara, laini, kama kidole kilichopona. Mkia mzima una gamba la mwisho lililochongoka, na ukilikosa hilo ukaona uduara, jua amewahi kushikwa.

Hesabu ya siku hiyo: nyoka watatu, vigutu wawili. Na hapa nataka kwenda taratibu, kwa sababu nilitaka kukimbilia kusema Konde kuna maadui wengi. Vigutu wengi havithibitishi hilo. Kila kigutu ni nyoka aliyeshikwa akaokoka. Aliyeshikwa kichwa hayupo wa kuhesabiwa. Bonde lenye kuku na ndege hodari wa kuua linaweza kuwa na vigutu wachache, na bonde lenye maadui wazembe likawa navyo tele. Tena nyoka mkubwa ameishi miaka mingi, na kila mwaka ni nafasi nyingine ya kushikwa. Ninachoweza kukisema kwa yakini ni hiki: watu wa Konde wameviona vigutu miaka yote, wakavisoma kama alama ya ubaya, na alama yenyewe ni ya kuponea chupuchupu. Nilimwambia Bibi hivyo hivyo. Hakunijibu. Alisema tu, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," akauinua ule ukili aliokuwa anausuka, akautazama.

Na kuponea huko kuna gharama. Mjusi hulipa kisha akalipwa, baada ya miezi ana mkia. Huyu hulipa moja kwa moja. Atakaposhikwa tena mkiani, atakuwa na sentimita chache za kutoa. Dume ana jambo la zaidi: viungo vyake vya uzazi hukaa ndani ya shina la mkia, na huko Manitoba, Kanada, kwenye nyoka wa jamii ya Thamnophis, madume waliopoteza sehemu ya mkia walionekana kushindwa na wenzao katika kupata majike.

Kile kipande tulimrudishia mtetea. Alikimeza mara moja. Nilikuwa nataka kukihifadhi kwenye spiriti kwa ajili ya skuli, lakini sikuwa na kibali cha kuchukua sehemu ya mnyama wa porini, na mwenye nia kama yangu aulize idara husika kabla ya kufunga safari.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua kutwa. Nilikwenda Wete kununua halua na kurudi.

Jumanne, 9 Desemba: kurudi

Bibi aliniamsha alfajiri. Alikuwa amenifungia vitumbua kwenye kitambaa, na chupa ya samli. Gari la kwanza la Konde lilipasuka tairi kabla ya Chake, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu magari yalikuwa machache. Nilikuwa nimekwishakata tamaa ya boti. Kijana mmoja mwenye gari ya mizigo alitupakia watu watano juu ya magunia ya makonyo mpaka Mkoani, na akakataa pesa. "Nalikuwa naenda huko," alisema, ingawa nilimuona akigeuza gari kurudi Chake tuliposhuka.

Anayerudi siku ya sikukuu aondoke Konde jana yake, alale Mkoani.

Bahari ilikuwa shwari. Nilikaa juu, nikapanga picha zile tatu mfululizo: ncha iliyochongoka, ncha mbichi, ncha iliyopona. Januari nitaziweka mbele ya darasa lile lile, na kabla ya lolote nitamwambia yule mwanafunzi kwamba jawabu nililompa Septemba halikuwa sahihi.

Jana usiku nimeletewa ujumbe wa sauti kutoka Konde. Ni yule mtoto, anaongea kwa kunong'ona: "Mwalimu, yule wako tumemuona tena penye pipa. Pale palipokatika pamekuwa peusi. Bibi kamfungia mtetea bandani."